Kugeuza mitumba na vipande vya vitambaa: maswali mnayoniuliza kila wiki

Nimeyaweka hapa maswali yanayorudi rudi, mana inbox imejaa na wengi mnauliza kitu kilekile. Mimi niko Tanga, nashona mikoba, foronya, nguo za watoto na vitu vya nywele kutokana na mitumba na mabaki ya mafundi, kwahiyo mifano mingi ni ya huku kwetu, ila wa Bagamoyo au wa Mwanza utaelewa tu. Swali likigusana na lingine nitakuelekeza uende kusoma kule, sitarudia.

## Ya kuanzia

Sina cherehani, naweza kuanza?

Unaweza kabisa, na mi napenda mtu aanze na mkono mana mkono unakufundisha kitambaa kinavyotembea. Tafuta sindano, uzi wa polyesta (ule wa bei rahisi unaokatika ukiuvuta kidogo uache), chaki, futi ya fundi, na mkasi wa kitambaa tu ambao mtoto haruhusiwi kukatia madaftari. Mshono wa kwanza wa kujifunza ni ule wa kurudi nyuma, unatoboa mbele, unarudi nusu, unatokea mbele tena, unaenda hivohivo mpaka mwisho, na ukishona karibu karibu unashika vizuri sana.

Kitu cha kwanza kushona kiwe kibanio cha nywele, kile cha kitambaa chenye mpira ndani. Kata kipande cha sm 50 kwa sm 10, kikunje kwa urefu, upande mzuri uwe ndani, shona ule ubavu, geuza kwa pini, pitisha mpira wa sm 20, funga mpira, ziba tundu. Kinaisha jioni moja na ukikosea hujaharibu kitu.

Vipande vya vitambaa napata wapi bila kununua?

Kwa mafundi. Hapa Tanga we ingia tu Ngamiani, zile barabara za namba, utakuta fundi kila baada ya milango kadhaa na chini ya kila cherehani kuna mabaki. Msalimie vizuri, mwambie "fundi, naomba nikuachie kiroba hapa uwe unanitupia vipande, nitapita Ijumaa", na ukipita Ijumaa usiende mikono mitupu, hata soda. Ukimzoea ataanza mwenyewe kukutengea vile vikubwa.

Ila hapa nasema kwa msisitizo jamani, kipande kikubwa uliza kwanza ni cha nani. Mteja akileta kitenge yadi sita na gauni likala nne, zile mbili ni mali ya mteja, sio za fundi wala zako. Kuna watu wamegombana hadi kufikishana serikali ya mtaa kwa sababu ya kipande.

Sehemu nyingine ni maduka ya vitambaa, uliza mwisho wa jora, kile kinachobaki ambacho hakitoshi nguo ya mtu mzima wanakupa kwa bei ndogo. Na sehemu ya tatu ni kabati lako mwenyewe, soma swali la sare za shughuli huko chini.

Kwenye meza ya mitumba nitafute nini?

Acha kuangalia nguo, angalia kitambaa. Hili ndo linalowachanganya wengi, mtu anapekua anatafuta gauni zuri la saizi yake, wakati wewe wa kugeuza unatafuta eneo. Shati la kiume la mtu mnene lina kitambaa kingi na mara nyingi ni pamba nzuri, mgongo peke yake unatoa kigauni cha mtoto wa mwaka mmoja. Mapazia yana mita za kutosha na ni mazito, yanafaa mikoba. Shuka za pamba zinafaa bitana, yaani kile kitambaa cha ndani ya mkoba au nguo. Jinzi za kiume, tai, makoti yenye bitana ya kuteleza, mikanda ya ngozi kwa ajili ya mishikio, hata nguo mbaya yenye vifungo vizuri inunue kwa ajili ya vifungo na zipu tu, ukipiga hesabu utakuta ni rahisi kuliko kununua vipya.

Kabla hujalipa inua nguo juu uitazame kwenye mwanga wa jua. Sehemu iliyochoka inaonekana, nyuzi zimekuwa nyembamba na mwanga unapita tofauti. Kwenye jinzi angalia mapaja kwa ndani na makalio, kwenye shati angalia kola, kwapa na viwiko. Halafu shika kitambaa kwa vidole gumba viwili uvute taratibu, ukisikia kama kinachanika changanika kiache, hata kiwe na ua zuri namna gani, mana utashona leo na kesho kinapasuka pembeni ya mshono.

Siku belo linafunguliwa bei inakuwa juu na kila mtu anagombea nguo kali. Sisi hatuna haja ya kugombea. Subiri zishuke, mana nguo ambayo kola imechoka au zipu imekufa mvaaji haitaki, na kwako hiyo kola unaikata unaitupa.

## Kukijua kitambaa

Nitajuaje hii ni pamba au ni polyesta kama lebo imekatwa?

Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo au kibanio, ziwashe juu ya sinki au ndoo ya maji. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi, inaacha jivu la kijivu ambalo ukiligusa linapotea. Polyesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Sufu, ya manyoya ya kondoo, inanuka nywele zilizoungua. Ikitoa jivu na kidonge kwa pamoja basi ni mchanganyiko, na mashati mengi ya ofisini ni mchanganyiko.

Hii ina maana kubwa, sio udadisi tu. Pamba utaipiga pasi ya moto na itatulia, polyesta ukiiwekea moto huohuo inang'aa au inayeyuka na kushika kwenye pasi. Pamba inanywa jasho, polyesta hainywi, na kwa joto la Tanga la Februari usimshonee mtoto polyesta, atateseka.

Harufu ya mtumba inatokaje? Na wadudu?

Loweka kwenye maji yenye siki, kama kikombe kimoja cha chai kwenye ndoo, saa moja hivi, kisha fua kwa sabuni kama kawaida na anika juani, tena geuza ndani nje. Harufu ikibaki rudia, usifunike kwa manukato.

Wadudu ni joto. Kunguni na mayai yake hayavumilii maji ya nyuzi 60 na kuendelea, kwahiyo pamba na jinzi zimwagie maji ya moto kabisa uziache humo mpaka zipoe. Vitambaa visivyotaka moto mkali vipige pasi ya mvuke polepole, hasa kwenye mishono na mapindo mana ndiko wanakojificha. Mtumba mpya usiuweke kitandani wala kwenye kochi kabla ya kufua, uache kwenye mfuko uliofungwa nje.

Madoa ya kutu na ukungu je?

Kutu tumia ndimu na chumvi, kamulia, sugulia taratibu, weka juani, suuza, rudia. Usitumie jiki kwenye kutu, inalifanya doa likae kabisa. Na chonde, jiki usichanganye na siki wala ndimu, inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Ukungu ni ugonjwa wetu sisi wa pwani, masika ikiingia kuanzia Machi mpaka Mei kabati linanuka. Ukungu mpya unatoka kwa kupigwa brashi ukiwa mkavu, nje ya nyumba, kisha kufua na jua. Vidoti vyeusi vilivyokaa miaka havitoki, hivyo panga kukata uvikwepe. Vipande vyako vihifadhi kwenye kiroba cha kitambaa kinachopitisha hewa, na vikauke kabisa kabla ya kukunja.

Kitenge kinachuja, nikiweke chumvi?

Watu wote wanasema chumvi, wengine siki. Kwa kitambaa cha dukani ambacho kimeshatiwa rangi kiwandani, chumvi na siki hazishikishi rangi, ile inayotoka ni rangi ya ziada ambayo haikushika tangu mwanzo. Dawa ni kufua peke yake mara kadhaa mpaka maji yawe meupe. Jaribu hivi, lowesha kona, ibane na kitambaa cheupe, piga pasi. Kikiacha rangi, usikiunganishe na cheupe. Wekundu wa kitenge ukiingia kwenye bitana nyeupe ya mkoba wa mteja, mkoba umekufa.

Kwa sababu hiyohiyo kila kitu nafua KABLA ya kukata. Pamba mpya inasinyaa, mtumba umeshasinyaa, ukiviunganisha bila kufua kimoja kitavuta kingine na mshono utajikunja.

Naweza kutia rangi upya nguo iliyopauka?

Pamba ndiyo. Wale wanaotengeneza batiki wanatumia rangi ya unga, kostiki soda na haidrosulfaiti kwenye maji ya moto, na inashika kweli. Lakini kostiki inaunguza ngozi na macho, vaa glavu ndefu, kaa nje penye upepo, mimina kostiki kwenye maji na sio maji kwenye kostiki, na usitumie sufuria ya aluminiamu mana kostiki inaila. Tumia ndoo ya plastiki. Polyesta usijisumbue, rangi ya batiki haiingii.

## Kukata na kushona

Vitenge tofauti tofauti nikiviunganisha vinaonekana vurugu, nafanyaje?

Hili ndo swali nalolipenda kuliko yote, mana hapa ndipo kitu kinakuwa cha kisasa au kinakuwa kiraka. Wengi wanachukua vitenge vitano vyote vinapiga kelele, kila kimoja kina maua makubwa, wanaviunganisha, jicho halina pa kupumzikia. Chagua kimoja kiwe bwana harusi, chenye ua kubwa. Cha pili kiwe na mchoro mdogo, vidoti au mistari, lakini kishee rangi moja na kile cha kwanza, hata kama ni rangi ndogo tu ya katikati ya ua. Cha tatu kisiwe na mchoro kabisa, jinzi, kaki, nyeusi, hata shuka la mtumba la rangi moja, na hiki cha tatu ndo kiwe kingi.

Vipange chini sakafuni kabla ya kushona, rudi nyuma hatua chache, au piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kwenye picha vyote vinaonekana kijivu kimoja, mkoba utakuwa umelala, ongeza kilichokoza au kilichofifia.

Kingine ni ukubwa wa vipande. Miraba inayolingana inaonekana imekusudiwa. Vipande vya kila umbo vinataka jicho lililozoea, anza na miraba ya sm 12, ukishona inabaki sm 10.

Cherehani inavunja sindano kwenye jinzi.

Angalia namba ya sindano. Kwa kitenge na shuka tumia 12 au 14, kwa jinzi 16, kwa pindo nene 18. Pale mishono inapokutana panakuwa na tabaka nyingi, paponde kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kushona, utashangaa panavyolainika, kisha pitisha kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage. Ikishindikana kata ule mshono wa zamani wote uutupe, jinzi ina eneo la kutosha miguuni. Na upepo wa bahari unakula chuma, cherehani ipake mafuta ya cherehani (sio ya kupikia jamani) na uifunike kila ukimaliza.

Bitana ni lazima?

Kwa mkoba ndiyo, sibishani. Mteja wa Tanga akishika mkoba kitu cha kwanza anafanya anaugeuza ndani. Akiona nyuzi zinaning'inia, mishono mibichi, anaurudisha mezani hata nje uwe umependeza vipi. Mkoba wa vipande vya bure wenye bitana safi, mfuko mdogo wa simu na mshono wa juu ulionyooka unauzika kuliko wa kitambaa cha ghali usio na bitana. Kwa nguo za watoto sio lazima bitana ila mishono ipite ovaloki (ile mashine ya kufunga kingo nyuzi zisichomoke), huna ovaloki pinda mara mbili.

Nipe vipimo vya mkoba wa jinzi na kitenge.

Kata vipande viwili vya nje sm 40 kwa sm 45, na viwili vya bitana vipimo hivyohivyo. Vya nje unaweza kuunganisha, chini jinzi, juu kitenge, na mfuko wa nyuma wa jinzi uuache palepale kwa mbele, watu wanaupenda. Shona mbavu na chini. Ili mkoba ukae wenyewe, zile kona mbili za chini zibane ziwe pembetatu, pima sm 5 kutoka nchani, shona kukatisha, kata ncha, utapata kitako cha sm 10. Bitana hivyohivyo ila chini acha tundu la kiganja. Mishikio iwe sm 65 kila mmoja ili uingie begani.

Ibane mishikio kwenye ukingo wa nje, ingiza mkoba wa nje ndani ya bitana, nyuso nzuri zikutane, shona mdomo kuzunguka, geuza kupitia tundu, ziba tundu, kisha piga mshono wa juu kuzunguka mdomo. Pale pa mishikio shona mraba na msalaba ndani yake, hapo ndipo mikoba yote inapokufa.

Mishikio ukitaka iwe ya kwetu tumia kamba ya mkonge, zungushia kitenge sehemu ya kushika mana inakwaruza. Mkonge uliingia huku 1893 na ukapandwa Pangani, mpaka leo Tanga ndo nyumbani kwake, kwahiyo kamba nzuri huna haja ya kuagiza.

Vile vipande vidogo kabisa nitupe?

Usitupe. Vya vidole viwili ni vifungo vya kufunikwa na hereni. Vyembamba virefu vinasukwa kama nywele na kushonwa kwa kuzungusha, unapata zulia dogo la mlangoni. Vumbi la mwisho kabisa linajaza mito na vifuko vya kuchomekea sindano.

## Vitu vyenye maswali yake

Nina sare za shughuli kabati zima, nilizivaa mara moja. Nizifanyeje?

Kila mwanamke wa Tanga ana swali hili. Harusi ya dada, ya jirani, kitchen party, kila moja na sare yake, na ukiivaa tena kwenye shughuli nyingine kila mtu anaijua. Kwanza zitenganishe kwa kitambaa. Vitenge na madera ya pamba ni rahisi, fuata ule mkoba wa juu, foronya, au sketi ya mtoto.

Lesi na shifoni zinataka akili nyingine. Lesi haina nguvu peke yake, iwekee kitambaa cha rangi moja chini yake kisha shona vyote kama kitu kimoja, inatoa pochi ya mkononi nzuri sana, au koti fupi la kuvaa juu ya dera la rangi moja. Ile mikono ya lesi ikate uishone kwenye blauzi ya mtumba isiyo na mikono, blauzi inakuwa nyingine kabisa. Shifoni inateleza, ibane na karatasi nyembamba chini wakati wa kushona halafu ichane karatasi, sindano iwe namba ndogo, 10 au 11. Mishanga iliyoshonwa kwenye sare itoe kabla ya kupitisha cherehani, inavunja sindano na inaweza kuruka jichoni.

Na kuna kitu kizuri mnaweza kufanya kama ukoo, kusanyeni kipande kimoja kutoka kila sare ya shughuli za familia mshone mfarishi mmoja. Aliyeolewa akipewa huo anajua kila mraba ni siku ya nani.

Kanga za marehemu bibi, ni sawa kuzikata?

Kaeni kwanza na wenzio, mama na mashangazi, mana sio zako peke yako. Mkikubaliana, jina usilikate. Acha ule mstari wa maneno mzima na pindo lake, utengeneze foronya ndefu au paneli ya pazia jina likisomeka, na mji wa katikati ndo utoe vipande vya wengine. Kanga ya zamani imelainika sana, ishone juu ya kitambaa kingine cha pamba ili ishike. Kama hamjakubaliana, mnaweza kuzikunja na kuziweka, haziozi mkizitoa juani mara kwa mara.

Nimepata jaketi la mabaka ya jeshi kwenye mtumba, naweza kugeuza begi?

Usilinunue. Nguo za jeshi au zinazofanana nazo raia haruhusiwi, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Kukata iwe begi au kofia hakukuokoi, mabaka ni yaleyale.

Nguo za ndani za mtumba kwa ajili ya lesi yake?

Hapana, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inazikataza, na lesi ipo kwenye sare zako.

Mitumba si itapigwa marufuku?

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana iondolewe taratibu mpaka 2019. Marekani ikatishia kuondoa manufaa ya AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania na wengine wakalegeza, Rwanda ikabaki na ushuru wake na 2018 nguo zake zikanyimwa kuingia Marekani bila ushuru. Kwa hiyo mitumba bado ipo. Lakini usijenge kazi yako juu ya belo tu, mafundi wa mtaani watakuwa na mabaki siku zote.

## Kuuza

Nipange bei vipi? Watu wanasema "si vipande tu".

Kipande ni bure, mikono yako sio bure. Hesabu hivi, tuseme zipu, uzi na bitana ni 3,000, umeshona saa 3 na umejipangia 2,500 kwa saa, hiyo ni 7,500, jumla 10,500, ongeza faida na nauli, sema 14,000. Chini ya 10,500 unamlipa mteja abebe mkoba wako.

Anayesema "si vipande tu" usibishane nae, mgeuzie mkoba ndani aone bitana. Na mwenye hela ndogo mpe mfuko wa sokoni usio na bitana, shuka au pazia zito, mishono iliyopindwa, unashonwa haraka na unauzika vizuri tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 1 Juni 2019.

Naruhusiwa kushona nembo ya timu au chapa maarufu?

Jezi ya mtumba ukiigeuza mto wako wa nyumbani hakuna shida. Kuuza ukijitangaza kama bidhaa ya timu au ya chapa ile ni kesi. Bendera na Nembo ya Taifa nazo ziache kwenye biashara, zina sheria yake.

Vitu vya watoto wadogo, kuna tahadhari?

Chini ya miaka mitatu usiweke vifungo wala shanga, macho ya mdoli yadarizi kwa uzi. Kamba za shingoni usiweke kabisa. Na kitu cha mtoto kifue tena baada ya kushona, mana chaki, mafuta ya cherehani na pini zilizosahaulika zinabaki humo, pitisha sumaku juu ya nguo nzima kabla ya kumkabidhi mama yake.